Mabati ya mama yamepandisha bima: jibu kwa aliyeuliza kuhusu SHA ya wazazi

"Mama yangu ana miaka 74. Anaishi kijijini Kilifi na ndugu yangu wa miaka 31 aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Hatembei bila kushikwa na maneno anayosema ni machache. Mimi nimeajiriwa Nairobi na nakatwa SHA, bima ya afya ya taifa hapa Kenya, kila mwezi, kwa hiyo nilidhani mama naye yumo. Miezi minne iliyopita alipatwa na kiharusi, akalazwa, na pale kwenye dirisha la malipo tukaambiwa hayumo popote. Bili tuliichangia kwenye kikundi cha familia. Baadaye nilimsajili kwa simu yangu, nikajibu maswali yote, na mfumo ukasema alipe shilingi 825 kwa mwezi, tena za mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 9,900. Mama hana kazi. Kinachoingia ni 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, ile ruzuku ya serikali kwa wazee, nazo huchelewa. Jirani yetu mwenye bodaboda mbili amewekewa 300. Chifu anasema tungoje, serikali inalipia wazee. Nesi mmoja aliniambia mwenye kadi ya ulemavu halipi chochote. Nani mkweli? Nilipe au ningoje? Na siwezi kuwaweka wote wawili kwenye kadi yangu?"

Dada yangu, pole kwa mama, na pole kwa ile siku ya dirishani. Mimi nimekaa upande wa pili wa dirisha kama lile miaka mingi, nikiwaangalia watu wakigundua jambo hilohilo siku mbaya kuliko zote za kuligundua. Nikupe jibu fupi kwanza ili usome mengine ukiwa umetulia: ukiweza kuzipata hizo 9,900, lipa sasa, na wakati huohuo dai tathmini ya mama irudiwe. Usichague moja kati ya hayo mawili. Chifu na nesi wote wamekuambia nusu ya ukweli, na nitakuonyesha kila mmoja amekosea wapi.

Tuanze na kadi yako. Wewe unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Ukiwa na mshahara wa 60,000, ni 1,650 kila mwezi. Makato hayo yanakukinga wewe, mwenzi wako kama unaye, na watoto wako. Wazazi hawamo. Hawakuwamo enzi za NHIF, bima ya taifa iliyotangulia SHA, pia, ila watu wengi hawakuwahi kulijua hilo kwa sababu mzazi alikuwa na kadi yake, au hakuugua. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Oktoba 2024, imebaki na mpango uleule: kaya ni mchangiaji, mwenzi na watoto. Mama yako kisheria ni kaya nyingine, hata kama unga, dawa na karo vyote vinatoka mfukoni mwako. Nakubaliana nawe kuwa hili halifanani na jinsi tunavyoishi. Kwetu mtoto anayefanya kazi mjini ndiye bima ya mzazi tangu zamani. Lakini mfumo umeandikwa kwa kaya ya mume, mke na watoto, na kwa sasa ndivyo ulivyo.

Ndugu yako ni habari tofauti, na hapa kuna jambo zuri ambalo watu hawaambiwi. Sheria inamhesabu kuwa mtegemezi mtu mwenye ulemavu ambaye anamtegemea mchangiaji kwa kila kitu na anaishi naye. Ule ukomo wa umri unaowahusu watoto wengine, miaka 21, au 25 kwa anayesoma, haumhusu. Kwa hiyo huyo ndugu wa miaka 31 anaweza kuingia katika kaya ya mama bila mchango wake mwenyewe. Ile 9,900, ikilipwa, ni ya wawili. Ukikuta amesajiliwa peke yake kama mtu mzima mwenye kaya yake na kupangiwa mchango wake, hilo ni kosa la usajili, na linarekebishika. Kwako wewe hawezi kuingia maadamu yuko Kilifi na wewe uko Nairobi, kwa sababu sharti la kuishi pamoja limeandikwa. Nakuomba usidanganye hapo. Siku atakapolazwa huko pwani na kadi ikisema anaishi Nairobi, maswali yatamkuta mama peke yake wodini, nawe uko safarini.

Sasa tuje kwenye 825, maana ndiyo inayokuuma, na inafaa ikuume.

Mtu wa mshahara ana karatasi ya malipo. Serikali inajua anapata nini. Mama yako hana. Kwa watu kama yeye, SHA hutumia tathmini ya uwezo: maswali kuhusu kuta za nyumba, paa, sakafu, choo, maji yanatoka wapi, taa ni ya nini, mnapikia nini, mna vitu gani ndani, mko wangapi. Majibu yanaingia kwenye kikokotoo, nacho kinakisia kipato cha kaya. Zingatia neno kukisia. Hakuna mtu aliyehesabu pesa za mama. Kikokotoo kimejifunza kutokana na takwimu za kaya nyingi kwamba mwenye ukuta wa mawe, paa la mabati, sakafu ya saruji na umeme kwa kawaida ana kipato fulani, kisha kikampa mama kipato hicho.

Twende kinyumenyume tuone kilimdhania nini. Gawanya 825 kwa asilimia 2.75 na utapata 30,000. Yaani mfumo unaamini kwamba mama yako, wa miaka 74, aliyetoka kwenye kiharusi, anaingiza shilingi elfu thelathini kila mwezi. Ukweli ni 2,000. Mchango wa mwaka, 9,900, ukiuweka kando ya Inua Jamii ya mwaka mzima ambayo ni 24,000, unakula zaidi ya shilingi 41 katika kila mia anayopata. Wewe unatoa shilingi 2 na senti 75 katika kila mia.

Nitakisia jambo, nawe unisahihishe kama nimekosea. Ile nyumba ya mama ilikuwa ya makuti. Mkang'oa makuti mkaweka mabati, labda mkapandisha kuta za matofali ya mawe, mkavuta umeme, mkanunua televisheni ili ndugu yako apate cha kutazama. Kila mlipofanya wema mliongeza kitu ambacho kikokotoo kinakihesabu kuwa utajiri wake. Jirani mwenye bodaboda mbili huenda bado analala chini ya makuti; pikipiki zinamwingizia pesa kila jioni lakini nyumba yake haisemi. Nimeona hili mara nyingi mno kulichukulia kuwa bahati mbaya. Kipimo cha namna hii kikimkuta kijana mwenye nguvu hukosea kidogo, kwa sababu mwenye nyumba nzuri akiwa na miaka 40 aghalabu ni yeye aliyeijenga kwa kipato anachoendelea kukipata. Kikimkuta mzee hukosea sana. Vitu vya mzee ni mabaki ya miaka iliyopita au zawadi za watoto, na kipato kilishakatika.

Kwa kaya yenye ulemavu kosa linaongezeka mara ya pili. Nepi za mtu mzima, sabuni isiyoisha, pikipiki ya kwenda kliniki inayobeba mtu mmoja ilhali ndugu yako lazima ashikwe na wa pili, na mama mwenyewe ambaye kwa miaka 31 hakuweza kwenda soko la mbali kwa sababu hana wa kumwachia. Kaya mbili zenye mabati sawa na umeme sawa hazina uwezo sawa ikiwa moja ina mtu anayehitaji kunyanyuliwa mara nane kwa siku. Gharama hizo ukutani hazionekani.

Kwa haki niseme pia upande wa pili, maana mimi si mtu wa kuponda kila kitu. Zamani mtu asiye na ajira rasmi alilipa NHIF shilingi 500 kwa mwezi, mwenye duka la jumla na mama muuza mboga sawasawa. Sasa kiwango cha chini ni 300, na wenye mishahara mikubwa waliokuwa wanakomea 1,700 hawana tena kikomo. Wazo la kila mmoja kulipa kwa uwezo wake ni zuri. Ubovu uko kwenye kuujua huo uwezo. Tena hata hicho kiwango cha chini, 3,600 kwa mwaka, kwa mzee wa Inua Jamii ni shilingi 15 katika kila mia. Aliye chini kabisa anakatwa sehemu kubwa ya riziki yake mara tano kuliko mwajiriwa, na hapo kikokotoo hakijakosea chochote. Ndivyo kanuni zilivyopangwa.

Ukiniuliza mimi, ningefanya walivyofanya Ghana: bima yao ya taifa haimtozi mchango mtu aliyetimiza miaka 70. Umri uko kwenye kitambulisho, hauhitaji mtu aje kuhesabu mabati. Watakaoponea hapo ni pamoja na wazee matajiri, ndiyo, na hoja hiyo ina uzito. Ila wazee matajiri ni wachache, na kumtafuta mmoja kwa kuwahoji mia kuhusu vyoo vyao nako kuna gharama. Na sisi wenyewe tulishakubali mantiki hiyo: Inua Jamii ya wenye miaka 70 na zaidi, ilipopanuliwa mwaka 2018, haikuuliza nyumba ni ya nini, mradi mzee hapokei pensheni, ingawa orodha haijawahi kuwafikia wote. Makueni nao, mwaka 2016, walianza mpango wa kaunti ambao kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka mzima. Kwa hiyo haya si maneno ya ndotoni. Lakini wewe hukuniuliza Bunge lifanye nini, umeniuliza ufanye nini wewe.

Turudi kwa chifu. Anachokisema kipo. Enzi za NHIF serikali ililipia sehemu ya wazee na watu wenye ulemavu mkali waliokuwa kwenye Inua Jamii, na huenda ndilo analolikumbuka. Na mnamo Oktoba 2025 serikali ilizindua mpango wa kuwalipia SHA watu milioni 2.2 wasiojiweza. Kosa lake ni kudhani kwamba kila mzee yumo, au kwamba kuwa Inua Jamii kunamwingiza mtu moja kwa moja. Hizo ni orodha mbili. Wanaotafutwa kwa udhamini ni walio chini kabisa kwenye ngazi ya uwezo, na mtu ambaye mfumo unamdhania elfu thelathini kwa mwezi yuko mbali na mstari huo. Mama akingoja akiwa na 825 kwenye rekodi yake, atangoja bure. Ndiyo maana kurudia tathmini si suala la kupunguziwa shilingi mia mbili tatu tu. Ndio mlango wa kufikiriwa kwa udhamini.

Na nesi? Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ina faida zake. Mwenye ulemavu anayefanya kazi anaweza kuombewa msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za kipato cha mwezi, kwa mfano. Lakini haifuti mchango wa SHA. Kwa ndugu yako kazi yake ni nyingine, na ni muhimu: ndiyo ithibati kwamba ni mtegemezi mwenye ulemavu, ili akubalike katika kaya ya mama kwa umri wake. Kama hana, nendeni hospitali ya umma inayofanya tathmini ya ulemavu, kisha fomu ipelekwe ofisi ya Baraza ya kaunti. Huchukua muda. Anzeni mapema.

Kuhusu kulipa au kungoja, nikueleze nilivyofika kwenye jibu langu la juu. Mtu aliyepata kiharusi mara moja yuko kwenye hatari kubwa ya kupata cha pili, na kipindi cha mwanzo ndicho kibaya zaidi. Kiwango ambacho SHA huilipa hospitali ya ngazi ya 4, yaani ya kaunti ndogo, kwa siku moja ya kulazwa ni 3,360. Siku tatu ni 10,080. Tayari mchango wa mwaka umepitwa, na hapo ni bei ya SHA, si ya mtu anayelipa mfukoni. Wewe bili ya miezi minne iliyopita unaijua. Ilinganishe na 9,900 kisha uniambie. Mko ndugu wangapi mnaojiweza? Wakiwa watatu, ni 275 kila mmoja kwa mwezi. Kile kikundi cha familia kilichochanga kwa kishindo wiki moja kinaweza kuchanga kidogo mwaka mzima, ingawa najua, kwa kuvitazama vikundi vya namna hiyo, kuwa watu huchangia jeneza haraka kuliko bima. Mchukueni mmoja mwenye mdomo mkali awe mshika daftari.

Kama mkupuo haupatikani, kuna Lipa SHA Pole Pole, iliyoletwa mwaka 2025 kwa ajili ya watu wasio na mshahara. Unapewa mchango wa mwaka kwa njia ya mkopo na kuurejesha kidogo kidogo. Sikukatazi. Ila ni mkopo, na mkopo husomwa kabla ya kubonyeza kukubali: uliza jumla utakayokuwa umelipa mwisho wa mwaka ni ngapi, na ukikosa kulipa mwezi mmoja kadi ya mama inakuwaje. Uchukue kwa jina la mtu mwenye kipato, asibebeshwe mama na simu yake ya kuazima.

Wakati hayo yanaendelea, kuna kitu mama anastahili leo bila kulipa hata shilingi. Zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na 3, hulipwa na mfuko wa afya ya msingi unaotokana na kodi. Sharti ni kuwa amesajiliwa tu. Mchango si sharti. Kupimwa presha na sukari, kumwona mhudumu, dawa za kawaida za presha, yote yamo. Nakujua utaniuliza: na dawa zikikosekana? Hukosekana, sikufichi. Kuna wiki utaambiwa ukanunue duka la dawa. Lakini nenda, na mama awe na daftari lake la kliniki, kwa sababu dawa ya presha isiyokatika ndiyo inayopunguza uwezekano wa kiharusi cha pili kuliko kitu kingine chochote nilichokitaja humu. Waliowahi kunijia dirishani na kiharusi cha pili, wengi walikuwa wameacha dawa kwa sababu walijisikia vizuri, au zahanati iliishiwa wakakata tamaa. Kliniki ya hospitali kubwa ni tofauti. Usidhani itagharamiwa, uliza kabla hamjapanda gari.

Namna ya kudai tathmini irudiwe. Hili usilifanye kwa simu ukiwa Nairobi. Umesema ulijibu maswali mwenyewe; je, ulipoulizwa choo, ulijibu choo cha mama au ulijibu kama mtu anayetaka mama yake aonekane anaishi vizuri? Usione haya, watoto wengi hufanya hivyo. Mwingine huandika jiko la gesi kwa sababu alimnunulia, ilhali mtungi uliisha mwaka juzi na mama anapikia kuni. Mwingine anajihesabu yeye na watoto wake kuwa wanaishi kwenye ile nyumba, au anasahau kumtaja mtegemezi mwenye ulemavu. Mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, wale wanaopita nyumba kwa nyumba na simu ya kazi. Yeye amewaona, anajua mna nini na hamna nini. Maswali yajibiwe nyumbani, mbele ya mama, kwa kweli tupu. Mabati yaandikwe mabati. Kutoa habari za uongo kwa makusudi ni kosa, na tena hakuna haja: ukweli wa mama unatosha.

Matokeo yakirudi yaleyale, hapo ndipo pa kwenda kwa miguu. Ofisi ya SHA ya kaunti, au kaunta yao kwenye Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, na barua fupi. Iseme umri wa mama, kwamba hana ajira wala pensheni, kwamba kipato chake ni Inua Jamii, kwamba amepata kiharusi tarehe fulani, kwamba anamtunza mtu mzima mwenye ulemavu, na kwamba nyumba ilijengwa na watoto wasioishi humo. Ambatisha nakala za vitambulisho vyao, kadi ya ulemavu, karatasi ya kutoka hospitali, na uthibitisho wa Inua Jamii kutoka kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Chifu naye, badala ya kuwaambia mngoje, na aandike barua ya kuthibitisha hali ya kaya, hiyo anaiweza. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ukizungushwa hadi uchoke, sheria imeweka baraza la kusuluhisha migogoro ya bima hii. Ni njia ndefu, mimi ningeitumia mwisho kabisa, lakini kuitaja kwenye barua ya pili hakuumizi. Barua hiyohiyo, ukishaiandika, ipeleke pia kwa mwakilishi wa wadi. Zipo kaunti na viongozi wanaolipia kaya maskini, na majina huanza kwa mtu kuyapeleka.

Jambo dogo linalowakwamisha wazee: alama za vidole. Usajili na uthibitisho hospitalini sasa huenda kwa vidole, na vidole vya mtu aliyelima miaka hamsini husuguka hadi mashine isivitambue. Mkono uliopooza nao haulali vizuri kwenye kioo. Usilisubiri hilo liwakute usiku wa dharura. Siku ya kliniki ya kawaida, mwombe afisa wa bima wa hospitali ajaribu vidole vyote vya mkono mzima, na visiposoma aandike kwenye rekodi na kuwaelekeza njia mbadala. Ndugu yako vilevile, kama mikono yake inakakamaa.

Na dharura ikitokea kabla ya yote haya kukamilika? Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu ghafla, maneno yakimvurugika, ni hospitali hapohapo, saa hiyohiyo, awe na kadi au asiwe nayo. Katiba, ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Bili itazungumzwa baadaye, na kwenye hospitali za umma kuna afisa wa ustawi wa jamii mwenye uwezo wa kupendekeza msamaha wa sehemu ya bili au yote. Mwulizie mapema mama akiwa bado wodini, si siku ya kutoka. Siku ya kutoka huwa mmechelewa, na mkubwa wa afisa huyo huwa ameshakwenda nyumbani.

La mwisho, ambalo hukuliuliza. Ndugu yako yumo kwenye bima kwa sababu ya mama. Siku mama hayupo, mchangiaji hayupo, na kadi inakufa naye. Hapo ama atahamia kwako au kwa ndugu mwingine mchangiaji, na akiishi naye ndipo aandikwe mtegemezi wake, ama atasajiliwa kaya yake mwenyewe chini ya mlezi, na kwa jinsi alivyo hiyo ndiyo kaya inayopaswa kulipiwa na serikali. Njia zote mbili zinataka kitambulisho chake cha taifa na kadi ya ulemavu viwe tayari. Hujaniambia kama anavyo. Nimekutana na watu wazima kama yeye ambao hawakuwahi kupelekwa kuchukua kitambulisho kwa sababu nyumbani waliona hakitamsaidia chochote. Kama ndugu yako ni mmoja wao, basi safari yako ijayo ya Kilifi ianzie hapo, hata kabla ya ile barua.